Vitendanishi vya vinasaba Mwanza: wateja wapo, barafu haisubiri

Anayeuza vitendanishi vya maabara jijini Mwanza hatafuti wateja kwa tochi. Hospitali ya rufaa ipo, chuo cha udaktari kipo, na Ukiriguru kule Misungwi watafiti wa mihogo wanahangaika na magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Wote hao wanategemea plasmidi, yaani viduara vidogo vya vinasaba. Vimeng'enya vya vipimo vya PCR, ambavyo hunakili vinasaba mara nyingi ili vigundulike, huzalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni kwa plasmidi, na sampuli ya kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi mara nyingi ni plasmidi iliyobeba kipande cha kirusi.

Plasmidi yenyewe haina gharama kubwa. Ile iitwayo pUC19, iliyozoeleka katika maabara nyingi duniani, ina jozi 2,686 tu za besi za vinasaba. Ikishaingia ndani ya bakteria hujinakili humo, na bakteria hao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwenye sahani yenye dawa ya ampisilini na kemikali maalumu ya kutoa rangi hubaki hai waliobeba plasmidi tu. Kesho yake madoa meupe ya bakteria ndiyo yenye jeni mpya iliyopachikwa kwenye plasmidi, ya buluu yametoka mikono mitupu. Ikikaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, plasmidi husafiri kwa bahasha.

Pesa inakwenda kwa vinavyoambatana nayo: vimeng'enya vya kukata na kuunga, vinavyotaka nyuzi 20 chini ya sifuri, na bakteria walioandaliwa kupokea plasmidi, wanaotaka nyuzi 80 chini.

Mfanyabiashara mmoja, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anazidai taasisi za umma, anasema biashara hii inamlia mtaji. Mzigo wake hufungwa na barafu kavu, ambayo haiachi hata tone la maji, inapotelea hewani. Kila siku boksi linaposubiri muhuri wa kibali Dar es Salaam, barafu inapungua. Likifika Mwanza, kimeng'enya kilichoharibika na kizima havitofautiani kwa macho. Maabara hugundua kipimo kikigoma, chupa inarudi kwake, na mtengenezaji anamjibu kuwa mzigo ulifika uwanjani salama. Analalamika pia kwamba wakaguzi huichanganya plasmidi ya maabara na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kwamba hofu ilizidi tangu majaribio ya mahindi ya aina hiyo huko Makutupora, Dodoma, yaliposimamishwa mwishoni mwa 2018.

Afisa mmoja anayeshughulikia vibali anakanusha. Kwa maelezo yake, maombi ya mtandaoni yamefupisha kazi na muda uliowekwa unazingatiwa. Muda huo, hata hivyo, huhesabiwa tangu nyaraka zote zikubaliwe, si tangu ndege ilipotua. Hesabu ya namna hiyo haimsaidii mwenye boksi linalopoteza baridi, na ni vigumu kuipokea kama ushahidi wa ufanisi.

Je, vimeng'enya vizalishwe hapahapa? Kwa Taq, kimeng'enya kikuu cha PCR, inawezekana: hataza zake za awali zimekwisha na mbinu inajulikana. Lakini umeme ukikatika usiku kazi ya wiki nzima inaharibika, na miradi ya wafadhili mara nyingi huelekeza chapa ya kununua. Maabara zikiagiza kwa pamoja, huenda bei ikashuka kiasi. Wanafunzi wa uzamili wanaojilipia vitendanishi wasitarajie nafuu karibuni.

Mfanyabiashara wetu sasa anadai nusu ya malipo kabla ya kuagiza vimeng'enya. Oda za bakteria walioandaliwa ameacha kuzipokea.