Linganisha Miaka ya Gari Kabla ya Kulipa

Ndugu wananchi wa mipakani mnaonunua Toyota Harrier mjini Kampala, tunawatahadharisha: ya 2016 na ya 2017 hufanana, lakini si sawa. Juni 2017 mtengenezaji alibadili taa na bampa, akaongeza injini ya tabo. Mlaghai aweza kulivika gari la zamani sura hiyo mpya na kulipandisha bei.

Tena, mwaka wa kusajiliwa si mwaka wa kutengenezwa. Kabla ya kulipa, linganisheni namba ya chesi na ya injini zilizo kwenye gari na zile za kadi ya usajili. Kisha ombeni uhakiki wa Interpol kupitia polisi. Gari la wizi likinaswa Busia au Mutukula, mnunuzi hupoteza gari na fedha.