Noah ama Voxy? Acha Tukuchanue: Hizo Ndai ni Mapacha wa Mama Mmoja

Kaa pale stage ya magari ya Meru hapa Isiolo dakika kumi tu, na hii vita lazima utaiskia. Msee mmoja anasema Voxy ndio ndai, Noah ni ya wazee. Mwingine anamjibu eti Noah haichoki, Voxy ni sura tu. Makanga naye anaingia katikati na maoni yake, abiria wanaulizwa wako upande gani, na gari bado halijajaa. Hiyo stori inaweza kuendelea mpaka Subuiga.

Sasa acha nikuchanue mapema ili ukikuta hii vita ukae pembeni ucheke. Noah na Voxy zilizaliwa siku moja, mwaka wa 2001. Injini ni ile ile, giaboksi ni ile ile, sakafu ni ile ile. Kama unabisha, chukua logbook ya Noah ya kizazi cha pili usome namba ya chasi: nyingi zinaanza na ZRR70. Chukua ya Voxy ya miaka hiyo hiyo, pia utakuta ZRR70. Kampuni yenyewe imezipa jina moja la ndani. Tofauti ni taa, bampa, grili na ile badge unayopigania.

Swali ni hili: kama ni gari moja, kwa nini Toyota ilipe majina mawili na kuacha yapigane?

Vibanda viwili, jikoni moja

Fikiria mama mmoja mjanja pale sokoni. Ana vibanda viwili vya msosi vimeangaliana. Kimoja kimepakwa rangi nyekundu, kingine kijani. Wahudumu wa vibanda hivyo hawapendani hata kidogo, kila mmoja anakuvuta mkono ukipita. Lakini chapo zote zinapikwa jikoni moja kule nyuma, na jioni doo yote inaingia mfuko wa mama. Ukikasirika na kibanda chekundu ukahamia cha kijani, mama hajapoteza kitu.

Hivyo ndivyo Toyota ilifanya kule Japan kwa miaka mingi. Ilikuwa na minyororo tofauti ya maduka, na ile minne ya mwisho ilikuwa Toyota, Toyopet, Corolla na Netz. Kila mnyororo ulitaka gari lake la kujivunia. Basi duka la Corolla likapewa Noah, la Netz likapewa Voxy. Toyopet wakauza Premio, duka la Toyota likauza Allion. Probox na Succeed nazo, stori ni hiyo hiyo.

Ndio maana Premio na Allion za 1.5 za kizazi cha pili zote zina chasi ya NZT260. Ni watoto wa tumbo moja waliopelekwa shule tofauti. Lakini hapa Kenya tumeamua Premio ni ya boss, na kwa yadi nyingi Premio itaitishiwa doo zaidi kuliko Allion ya mwaka huo huo. Hiyo tofauti unalipia jina.

Mwezi wa Mei 2020, Toyota ilibadilisha mchezo. Maduka yote ya Japan yakaruhusiwa kuuza magari yote. Na kuanzia hapo mapacha wakaanza kupungua, kwa sababu hakukuwa tena na duka la kuwagawanya. Succeed ikaondolewa 2020. Premio na Allion zikazikwa pamoja 2021. Noah na Voxy zikapona, zikapata sura mpya Januari 2022.

Vitu unavyoona na vitu usivyoona

Sheria ya hii biashara ni rahisi: kila kitu unachokiona kinatofautishwa, kila kitu usichokiona kinashirikiwa.

Kutengeneza injini mpya ni gharama kubwa sana. Lazima ichorwe, ijaribiwe kwa baridi na kwa joto, halafu kiwanda kipangwe upya. Ukiiweka kwa gari moja tu, hiyo gharama yote inabebwa na wanunuzi wa hilo gari. Ukiiweka kwa magari kumi, kila mmoja anabeba kidogo. Cheki injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 ambayo kila makanika wa Isiolo anaweza kuifungua gizani. Iko kwa Probox. Iko kwa Vitz, iko kwa Fielder, iko kwa Premio na Allion. Ndio maana spea yake iko mpaka kwa maduka madogo, na ndio maana Probox inaweza kupakiwa kama punda na bado kesho iamke.

Sasa ingia kwa majirani

Hapa ndio watu wengi hupotea, kwa sababu badge si ya Toyota.

Daihatsu ni ya Toyota. Toyota ilikuwa na hisa nyingi kwa muda mrefu, halafu 2016 ikainunua yote. Kazi ya Daihatsu kwa hiyo familia ni magari madogo. Passo unayoiona ikiitwa Toyota ilitengenezwa na Daihatsu, na pacha wake aliitwa Daihatsu Boon. Ile injini ya silinda tatu, 1KR-FE, ilichorwa na Daihatsu, ikaingia kwa Passo na hata kwa Vitz ya 1.0. Toyota Rush na Daihatsu Bego nazo zilitoka pamoja 2006.

Suzuki si mtoto wa Toyota, ni beshte. Walikubaliana 2019 kushikana mikono na Toyota ikanunua hisa kidogo. Matokeo? Toyota Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno kutoka India iliyobadilishwa nguo. Mazda nayo inauza gari inaitwa Familia Van ambayo, tangu 2018, ni Probox. Subaru BRZ na Toyota 86 zilitengenezwa pamoja, na injini ilitoka kwa Subaru. Kwa hivyo yule msee wa Subaru anayecheka watu wa Toyota, mwambie apunguze.

Hata kwa wauzaji hapa Kenya ni hivyo hivyo. Toyota Tsusho, ambayo ni ya kundi la Toyota, ilichukua kampuni ya CFAO kuanzia 2012. Na CFAO ndio wanaouza Volkswagen hapa. Unaweza kukataa Toyota kwa hasira, ununue Volkswagen mpya, na bado sehemu ya doo yako iishie kwa familia ile ile.

Hii inakuhusu aje?

Kuna beshte yangu hapa Bulapesa ana Bego. Hiyo gari ndio ofisi yake: alfajiri anachukua maziwa ya ngamia kutoka maboma ya nje ya town, anayaleta stage yapande basi ya Nairobi. Maziwa hayangoji mtu. Basi ikienda bila wewe, hiyo hasara ni yako.

Siku moja bearing ya tairi ya mbele ikaanza kulia. Akaenda duka moja la spea. Jamaa wa duka akacheki badge, akatingisha kichwa: "Hiyo ni Daihatsu, hapa huwezi pata. Weka deposit tuagize Nairobi, siku tatu." Beshte yangu akalipa. Siku ya kwanza akakodi boda, mitungi mingine ikabaki nyuma. Siku ya pili basi likamuacha, na jioni akamwaga maziwa mengine nyuma ya nyumba. Nilikuwepo. Mtu akimwaga kazi yake chini hivyo, huna la kumwambia.

Kesho yake akapitia kwa fundi mmoja mzee. Mzee hata hakuinuka kwa kiti. Akamwambia, "Kijana, wewe enda uitishe ya Rush."

Akavuka barabara, duka la pili, akaitisha ya Rush. Ilikuwa kwa rafu. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile aliyopewa kwanza. Saa nane gari lilikuwa barabarani. Ile deposit alikuja kurudishiwa baada ya kusumbuana sana.

Sidhani yule wa kwanza alitaka kumkula. Pengine hakujua. Lakini kutojua kwake kulilipwa na mtu mwingine.

Mmoja akikohoa, wote wanaugua

Hii ya kushirikiana iko na upande mbaya. Tarehe 20 Desemba 2023, wachunguzi walisema Daihatsu ilikuwa imedanganya kwa majaribio ya usalama. Magari ya aina 64 yalikuwa kwa hiyo orodha, na mengine yalikuwa yanauzwa kwa jina la Toyota, Subaru na Mazda. Probox ilikuwa ndani. Viwanda vya Daihatsu vya Japan vikasimama. Hii haimaanishi Probox ya jirani yako italipuka kesho, lakini inaonyesha kosa la jikoni moja linafika kwa vibanda vyote.

Volkswagen waliipitia 2015. Programu ya kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli iliwekwa kwa injini moja, na hiyo injini ilikuwa kwa Volkswagen, Audi, Skoda na Seat. Karibu magari milioni 11 duniani.

Kabla hujatoa doo

Kwanza, soma chasi, usisome badge. Herufi na namba za mwanzo zikilingana na za pacha, umepata gari lile lile. Zisipolingana usikate tamaa: Rush ni J200E na Bego ni J200G, lakini chini ni ndugu.

Pili, uliza bei ya pacha. Kabla ulipie Premio, cheki Allion ya mwaka huo na injini hiyo hiyo. Kama lengo lako ni kufika, chukua ya bei ya chini. Kama unajua utaiuza baada ya miaka miwili, kumbuka Premio pia huuzika haraka. Jina lina bei wakati wa kununua na wakati wa kuuza.

Tatu, ukienda kwa spea, enda na namba ya ile spea yenyewe ama ubebe ile mbovu mkononi. Usitaje badge peke yake.

Nne, usidhani kila kitu kinaingiliana. Bampa ya Voxy haikai kwa Noah. Succeed za kabla ya 2014 ni ndefu kuliko Probox za wakati huo kwa karibu sentimita 10, kwa hivyo bampa ya nyuma ni tofauti. Na Lexus LX 570, hata kama imejengwa juu ya Land Cruiser 200, ina suspenshoni ya mafuta ya kupanda na kushuka. Ipeleke njia ya Merti kila wiki halafu uitishe bei ya kuirekebisha, utatamani ungebaki na ndugu yake.

Kwa hivyo ukirudi stage na ukute bado wanabishana Noah na Voxy, usiingilie. Panda ile itajaa kwanza.