Jozi za Elektroni: Je, Kuungana Kunatosha?

Istilahi njema huzaliwa na uelewa wa dhana. Elektroni zina chaji hasi, kwa hivyo husukumana. Hata hivyo, mwaka 1956 Leon Cooper alionyesha kwamba katika metali iliyopozwa mno zinaweza kuungana mbili mbili. Mwaka 1957, yeye pamoja na Bardeen na Schrieffer walieleza jinsi jozi hizo zinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote, jambo aliloligundua Kamerlingh Onnes katika zebaki mwaka 1911.

Katika utando mwembamba mno, unaohesabiwa kuwa na urefu na upana tu, jozi pekee hazitoshi. Mathalan, wachezaji wa ngoma wanaweza kuwa wawili wawili, lakini wasipofuata mdundo mmoja, mchezo huvurugika. Vivyo hivyo, joto likizidi kiwango fulani, vimbunga vidogo vya mkondo husambaa katika utando na kuvunja mwendo wa pamoja. Ukinzani hurejea, ilhali jozi zingalipo. Kosterlitz na Thouless, waliofafanua mageuko ya namna hii mwaka 1973, walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2016 pamoja na Haldane.

Basi, mwenye kuunda istilahi hana budi kutenganisha dhana mbili: kuungana kwa elektroni, na kuandamana kwa jozi zake.