Hojaji ya Karatasi na Hojaji ya Kielektroniki katika Utafiti wa Matumizi ya Lugha: Mfano wa Njombe na Makambako

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 nchini Tanzania ilitumia madodoso ya karatasi. Ile ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi. Kutokana na mabadiliko hayo, ni rahisi kwa mtafiti wa lugha kudhani kwamba hojaji ya karatasi imepitwa na wakati. Makala haya yanafafanua kuwa uteuzi wa zana hutegemea zaidi aina ya swali linaloulizwa.

Ubora wa hojaji ya kielektroniki ni bayana. Programu humzuia mdodosaji kuruka swali la lazima, humwelekeza kwenye swali linalofuata kulingana na jibu, na huondoa kazi ya kunakili data kutoka karatasini, hatua inayozalisha makosa mengi. Aidha, majibu huweza kuhifadhiwa pasipo mtandao na kutumwa baadaye.

Hata hivyo, swali “Nyumbani unatumia lugha gani?” hudhihirisha mpaka wa ubora huo. Makambako ni mji wa njia panda: barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita mjini humo. Katika mazingira hayo, Mbena aweza kueleza kuwa huzungumza Kibena na mama yake, Kiswahili na watoto, na lugha zote mbili na mwenzi wake. Iwapo programu inaruhusu jibu moja tu, mdodosaji atachagua “Kiswahili”, na Kibena kitatoweka katika data ilhali bado kinazungumzwa nyumbani. Kwenye karatasi, maelezo hayo yangeweza kuandikwa pembeni na kubaki kuwa ushahidi.

Chanzo cha upotevu huo ni machaguo yaliyofungwa mapema mno. Kwa hiyo, inafaa majaribio ya awali yafanywe kwa karatasi Njombe na Makambako, na maelezo ya pembeni yatumiwe kuunda machaguo ya hojaji ya kielektroniki. Hojaji hiyo iulize lugha kwa kila mzungumziwa, iruhusu majibu zaidi ya moja, na iache nafasi ya maelezo huru. Pasipo maandalizi hayo, data safi huweza kutoa picha potofu ya uhai wa lugha.