"Knock up": kuamsha mtu ao kumupa mimba?

Wengi wetu tumesoma Kingereza kwa kamusi na kwa filamu, na leo tunatafuta kazi kwenye ONG ambako Muingereza na Muamerika wanakaa biro moja. Njo maana nataka tuangalie verbu hii ndogo: knock up.

Knock ni kugonga. Up, mara nyingi, haisemi "juu" hata kidogo. Inasema tendo limefika mwisho, kama eat up, kula ukamaliza. Kwa Muingereza wa zamani, ku-knock up mtu ni kumugongea mpaka aamke. Na hiyo ilikuwa kazi ya kulipwa! Katika miji ya viwanda kama Manchester, karne ya 19, mfanyakazi wa kawaida hakuwa na saa ya kengele, na kuchelewa kulimkata mshahara. Basi alilipa peni chache kwa juma kwa mtu aliyeitwa knocker-up, aliyepita alfajiri na fimbo ndefu akigongagonga madirisha ya ghorofa. Mama mmoja wa mashariki ya London, Mary Smith, alipigwa picha miaka ya 1930 akipuliza njegere kavu kwa mrija mpaka kwenye kioo cha mteja. Kwetu jogoo anafanya bure.

Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 19, verbu ilishika njia ingine: kumpa mwanamke mimba, hasa ile isiyopangwa. Haikutoka hewani. Katika lugha ya mitaani ya Uingereza yenyewe, knock peke yake ilikuwa tayari na maana ya kulala na mwanamke. Filamu Knocked Up ya 2007 ikaeneza hiyo maana mbali, na leo hata kijana wa London anafikiri mimba kwanza.

Sasa waza binti stagiaire kwenye misioni, mwenye kamusi ya zamani, anamuomba kolegi wa kiume mbele ya watu: "Please knock me up at six." Kamusi inamutetea kabisa. Lakini kicheko cha biro hakiulizi kamusi. Kwa mwanaume ingekuwa mzaha wa siku moja. Kwa binti, mi naona, hadithi inaweza kumufuata mpaka mwisho wa kontra.

Maana zingine ni nyepesi. Kwenye vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, punda ao mtu "knocked up" amechoka kabisa, hawezi hatua ingine. Muingereza anaweza pia ku-knock up chakula, yaani kukitengeneza haraka haraka, na wachezaji wa tenisi wanafanya knock-up kabla ya mechi, kupasha mwili tu.

Wewe ukitaka kuamshwa, sema "wake me up". Hiyo inapita London, inapita Chicago, na Nairobi pia.