Ukakasi na Kazi Yake Mwilini

Kila aliyetafuna ndizi mbichi au kunywa chai nzito isiyo na maziwa anaujua ukakasi: ulimi hukauka na mashavu hukazana. Hayo yatokeayo mdomoni ndiyo hasa kazi ya dawa za kukaza, nasi twapenda kuwaeleza wazazi na vijana habari zake, kwani manufaa yake yana mpaka.

Ngozi na tando laini za mwili zina protini. Dawa yenye ukakasi ikiugusa utando, huzigandisha protini za juu zikawa kama kifuniko chembamba kilichokazana. Hapo majimaji hupungua kutoka, mishipa midogo ya damu hubanwa, na uvimbe hunywea. Ndiyo sababu kinyozi hupaka shabu palipokatwa na wembe, damu ikakoma.

Katika miombo ya Wilaya ya Kilosa, kuelekea Mikumi ambako Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, imo miti ya namna hiyo. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu, nao una ukakasi. Magome ya mng'ongo yana tanini, ambayo ndiyo asili ya ukakasi wa mimea mingi, na tangu zamani huchemshwa kuwa dawa ya kuhara.

Lakini hapa pana hatari. Mtoto anayeharisha huuawa zaidi na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Magome hayarudishi vitu hivyo, wala si tiba ya kipindupindu. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa, Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu walihama makwao. Katika msiba kama huo maji ya kunywa huchanganyika na uchafu, na kuhara huweza kuenea upesi. Mzazi anayengoja magome yakaze tumbo huenda akachelewa.

Basi yapasa kutangulia na maji. Mtoto apewe dawa ya ORS. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anyweshwe kidogo kidogo, na anyonyaye aendelee kunyonya. Hospitalini hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, akilegea, au choo kikiwa na damu, apelekwe mara moja, wala asingojewe hadi kesho.

Vijana nao wajifunze kuchanganya maji hayo, ili mama asipokuwapo nyumbani, mdogo wao asikose msaada.