Tuktuk: Kwa Nini Kiti cha Mbele si cha Abiria

Nenda kwenye steji yoyote ya tuktuk Malindi, Mtwapa au Kilifi mjini jioni watu wanapotoka kazini, na utausikia mwito ule ule: "Bado mmoja, kaa hapa mbele!" Watatu wameshaketi nyuma. Wa nne anabanwa kando ya dereva, nusu ya mwili ikiwa nje, mkono umeshika chuma cha paa. Wakaazi wengi wameizoea hali hii hata hawaioni kuwa kosa. Ukweli ni kwamba hakuna mahali pabaya zaidi pa kuketi kwenye tuktuk.

Gari dogo husimama kwa magurudumu manne, moja kila pembe. Tuktuk ina matatu: moja mbele, mawili nyuma. Ukiyaunganisha kwa mistari unapata pembetatu, pana nyuma na yenye ncha mbele. Abiria watatu wakiketi nyuma, uzito wao hukaa juu ya sehemu pana, na ndivyo chombo hiki kilivyoundwa. Anayeketi mbele huusogeza uzito kuelekea kwenye ncha, tena upande mmoja, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuushika. Dereva akikata kona ghafla, uzito husukumwa upande wa nje, gurudumu moja la nyuma huinuka, na tuktuk inalala. Abiria yule wa mbele hana mlango wala mkanda. Akiwa upande inakoangukia, yeye ndiye anayelaliwa.

Zaidi ya hayo, anamzuia dereva. Usukani wa tuktuk ni kama wa pikipiki na unahitaji nafasi ya mikono kwenda na kurudi. Kiwiko kikigonga mbavu za mtu, kona haikatiki vizuri.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza kasi maradufu, kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu inayosukuma chombo nje kwenye kona ile ile huongezeka mara nne. Ndiyo maana dereva mwenye ujuzi hupunguza mwendo kabla ya kona. Kufunga breki kwa nguvu katikati ya kona huutupa uzito mbele, kwenye ncha ile ile.

Mashimo ni shida ya pekee kwa tuktuk. Gari linaweza kupita huku shimo likiwa katikati ya magurudumu. Tuktuk haiwezi, kwa sababu gurudumu la mbele linapita hapo hapo katikati. Dereva anayekimbia hulikwepa kwa kuyumba, na ni kuyumba huko kunakoipindua. Matuta yapandwe moja kwa moja, si kwa mshazari, ili magurudumu ya nyuma yapande pamoja. Wakati wa masika, baada ya kupita kwenye dimbwi, dereva abonyeze breki taratibu mara kadhaa zikauke kabla ya kuzitegemea tena.

Mizigo pia ni uzito. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80, yaani mtu mzima. Yawekwe chini nyuma, yasipandishwe juu ya paa. Mtoto akae katikati ya watu wazima, si pembeni wala mbele. Na kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, shukia kushoto. Kulia ndiko magari yanakopita.

Tunajua kwa nini abiria wa nne hupakiwa. Hesabu ya tajiri inangoja jioni, mafuta ni ghali, na nauli moja zaidi kila safari si kitu kidogo. Lakini tuktuk ikilala, siku hiyo hakuna hesabu, na dereva ndiye anayejibu kesi. Abiria naye ana uwezo kuliko anavyodhani: kiti cha mbele kikikosa mtu wa kukikalia, kitaacha kuuzwa.

Kuhusu nani anasimamia nini: leseni hutolewa na NTSA, na dereva wa tuktuk anahitaji daraja la A3. Makosa ya barabarani, ukiwemo upakiaji wa kupita kiasi, hushughulikiwa na polisi wa trafiki. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma barabarani. Kwa hivyo malalamiko kuhusu steji au barabara ya kaunti yenye mashimo yaletwe kwetu. Taja mahali, saa na, kama ni chombo, nambari ya usajili.

Ajali ikitokea, injini izimwe kwanza na asivutwe sigara mtu karibu, kwa sababu petroli humwagika chombo kikilala. Piga 999 au 112. Kisha uandikishe taarifa katika kituo cha polisi, hata kama umeumia kidogo, kwa kuwa bila taarifa hiyo ni vigumu kudai fidia ya bima.